Mahindi Hayakutoka Uhindini

Ilikuwa jioni ya Jumamosi. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumekaa barazani, kati yetu mkeka na gunia la mahindi makavu ambayo dada yangu alitaka yawe yamepukuchuliwa kabla ya Jumatatu. Mpwa wangu yuko darasa la sita, na hupukuchua vile vile alivyokuwa akipukuchua marehemu bibi yake: hung'oa kwanza mistari miwili ya punje kwa kidole gumba, kisha husugua hindi kwa gunzi tupu, na punje zilizobaki humiminika zenyewe. Pembeni yake aliweka kitabu cha shule kilichofunguliwa kwenye picha ya watu waliovaa manyoya kichwani. Chini ya picha yaliandikwa maneno mawili: Wahindi Wekundu.

"Mjomba," akaniuliza bila kuinua uso, "hawa Wahindi ndio wenye mahindi?"

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu mzima. Nikamwambia hapana, hao ni watu wa Marekani ambao Columbus aliwaita Wahindi kwa makosa, lakini mahindi yameitwa mahindi kwa kuwa yalitoka India. Akaitikia, "Sawa, mjomba," akachukua hindi jingine.

Usiku ule nilishindwa kulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mtoto uongo. Alikuwa amepatia. Wenye mahindi ni hao hao wa kwenye picha.

Ni wiki ya tano sasa, na swali lile halijaniachia.

## Kila mtu alimtaja jirani

Nilianza na jina, kwa kuwa jina ndilo lililonipoteza. Mmea ni muhindi, nafaka ni mahindi, yaani kitu cha Uhindini. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, ndio wanaotajwa zaidi kuwa walioyaleta mahindi huku, lakini bahari yetu ilikuwa imezoea kuleta nguo na shanga kutoka Bara Hindi, na nafaka ngeni iliyoshushwa bandarini ikapewa asili ya bahari iliyoileta.

Hatukuwa peke yetu katika hilo. Waitalia huyaita mahindi nafaka ya Kituruki. Waturuki wenyewe huyaita kwa jina la nchi ya Misri. Wamisri nao husema ni mtama wa Sham. Ukifuata jina kutafuta asili, kila mlango unaobisha hodi unaelekezwa mlango wa pili, na hakuna anayekufikisha kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa na jina lake. Wataino wa visiwa vya Karibi walisema mahiz, na Wahispania wakalichukua neno hilo. Mwanzoni mwa Novemba 1492, akiwa Cuba, Columbus aliwatuma watu wawili waende bara. Mmoja wao alikuwa Luis de Torres, mkalimani aliyechukuliwa safarini kwa kuwa alijua Kiebrania na Kiarabu kidogo, maana walitarajia kumkuta mtawala mkubwa wa Mashariki. Nimeitazama sana picha hiyo akilini mwangu: mtu amesimama katikati ya kijiji cha Wataino akiwa na Kiarabu chake, lugha ambayo ingemfaa Kilwa au Mombasa, na hakuna anayemwelewa. Mtawala hawakumwona. Walirudi pwani na habari za nafaka wasiyoijua na za watu waliovuta moshi wa majani.

Columbus alikosea watu. Sisi tulikosea nafaka. Ni makosa mawili yaliyofanywa na watu wasiojuana, kwenye bahari mbili tofauti, yakaja kukutana juu ya mkeka wa mpwa wangu.

## Kusini-magharibi

Wataalamu wa mimea wamefuata nasaba ya mahindi hadi bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico, ambako takriban miaka 9,000 iliyopita wakulima walianza kuchagua mbegu za nyasi mwitu iitwayo teosinti. Suke la teosinti lina punje chache, na kila punje imefungwa ndani ya ganda gumu. Kutoka hapo hadi hindi la kujaza kiganja ni kazi ya vizazi na vizazi vya watu ambao kila msimu walitazama, wakachagua, wakaweka kando. Zao walilolipata haliwezi tena kuishi bila mtu: punje zimeng'ang'ania gunzi na gunzi limevikwa maganda, kwa hiyo asipokuwapo wa kuyamenya na kuzipanda, ukoo wake hukatika.

Miaka 4,000 hivi iliyopita mahindi yalikuwa yamefika nchi kavu ambazo leo ni Arizona na New Mexico. Kufikia mwaka 1100 yalikuwa yakiulisha mji wa Cahokia, karibu na ilipo St. Louis ya leo, uliokuwa na watu kati ya 10,000 na 20,000 na kilima cha udongo chenye kimo cha mita 30 kilichoinuliwa kwa vikapu vya udongo, kikapu kimoja baada ya kingine. Mji ule ulihamwa kabla Columbus hajazaliwa. Mimi sikuwahi kuusikia darasani hata siku moja.

Hatimaye mahindi yakafika pwani ya Atlantiki, upande wa kaskazini-mashariki, ambako yalipandwa katika tuta moja na maharage na maboga: haragwe linapanda juu ya muhindi, boga linatambaa chini na kufunika ardhi isikauke. Nilipofika hapo nilisimama kwanza. Makande tuliyolelewa nayo nyumbani ni mahindi na maharage, na vyote viwili asili yake ni bara lile. Sufuria nzima.

Roger Williams, Mwingereza aliyeishi jirani na Wanarragansett, wenyeji wa pwani hiyo, alichapisha mwaka 1643 kitabu juu ya lugha yao. Humo anaeleza kwamba wanawake ndio waliopanda mahindi, wakayapalilia, wakayavuna na kuyaweka ghalani, na kwamba katikati ya mashamba walijenga vibanda vidogo ambamo wao wenyewe, au watoto wao wakubwa, walilala ili wawahi ndege alfajiri.

Hilo ni dungu.

Nimelala kwenye dungu nikiwa na miaka kumi, nikiamia ndege, kamba ya makopo mkononi, na najua jinsi umande wa saa kumi na moja unavyopenya kwenye kanga uliyojifunika. Kabla ya sentensi ile, watu wa picha walikuwa kwangu watu wa picha tu. Baada yake niliweza kumwona mtoto mmoja kati yao, amechoka, macho mekundu, akisubiri kupambazuke.

Williams anaongeza jambo jingine. Kunguru waliharibu mahindi yao sana, lakini ilikuwa nadra kumpata mtu wa kuwaua, kwa sababu wazee walisimulia kwamba kunguru ndiye aliyewaletea punje ya kwanza ya hindi katika sikio lake moja, na punje ya haragwe katika sikio la pili, kutoka shamba la Mungu wao mkuu, Kautantowwit, lililoko kusini-magharibi.

Kusini-magharibi. Wataalamu wa mimea walihitaji zaidi ya karne tatu nyingine ili wafike upande huo huo.

## Kikapu mchangani

Novemba 1620 meli ya Mayflower ilitia nanga kwenye ncha ya Cape Cod, kwenye pwani hiyo hiyo, ikiwa na abiria 102 kutoka Uingereza waliokuja kuhamia. Kundi la wanaume wenye silaha likashuka kutafuta mahali pa kukaa. Walikuta mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na malundo ya mchanga ambayo, kwa maelezo yao wenyewe, yalionekana wazi kuwa yamepigwapigwa kwa viganja vya mikono.

Wakafukua. Chini ya mchanga kulikuwa na kikapu kikubwa kipya, cha mviringo, chembamba mdomoni, kilichosukwa kwa ustadi, chenye ujazo wa kati ya debe sita na nane hivi, kiasi kwamba watu wawili walikiinua kwa taabu. Kilijaa mahindi ya mwaka ule ule. Humo humo kulikuwa na mahindi mazima 36, mengine ya manjano, mengine mekundu, mengine yamechanganyika na buluu, na waliyatazama kwa furaha kubwa. Walichukua walichoweza kubeba. Baada ya siku chache walirudi wakafukua zaidi. Walifukua na makaburi pia. Katika moja walikuta mifupa ya mtoto mdogo, wakachukua vitu vizuri vilivyozikwa mle, wakafukia tena.

Nataka niseme kweli juu ya nilivyopokea habari hii. La kaburi sikuweza kulitetea hata kidogo. La mahindi lilinisumbua zaidi, kwa sababu nilijiuliza: melini kuna watoto, baridi inaingia, chakula kinaisha, na miguuni pangu pana nafaka. Nisingefukua? Ningefukua. Tena wao wenyewe walikusudia kulipa, na mwaka uliofuata waliwatafuta wenye mali na kuafikiana nao juu ya malipo.

Hoja hiyo ilinituliza kwa siku mbili. Siku ya tatu nilikumbuka mahindi ya bibi yangu yaliyoning'inia juu ya mafiga, maganda yamekunjwa nyuma na kufungwa mafungu mafungu, yakila moshi ili fukusi wasiyaguse. Kulikuwa na miezi ambayo tulikula mlo mmoja kwa siku, na hakuna aliyethubutu kuinua mkono juu ya yale mahindi. Mahindi mazima 36, yaliyochaguliwa na kuwekwa na magunzi yake ndani ya kikapu kipya: bibi yangu asingehitaji kuambiwa ni ya nini.

William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wao, aliandika kwamba humo ndimo walimopata mbegu ya mwaka uliofuata, na kwamba bila hiyo huenda wangekufa kwa njaa.

Mbegu ile ilichaguliwa na mwanamke ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

## Mgeni njoo

Kiswahili kina neno ambalo sikuwahi kulitafakari hadi nilipoanza kuandika makala hii. Mwenyeji ni mzaliwa wa mahali, na mwenyeji ni yule anayempokea mgeni. Ni mtu yule yule. Asiyekuwa wa mahali hawezi kumkaribisha mtu hapo.

Na hawa walikuwa wenyeji kwa muda ambao akili huchoka kuupima. Huko White Sands, New Mexico, kuna nyayo za binadamu ambazo watafiti waliozitangaza mwaka 2021 wanazikadiria kuwa na umri wa miaka kati ya 21,000 na 23,000. Mahali hapo hapo kuna mstari mwingine wa nyayo, nao ni wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wa mtu aliyetembea haraka matopeni kwa zaidi ya kilomita moja akiwa amebeba mtoto. Hapa na pale zinatokea nyayo ndogo, alipomshusha kidogo apumue. Kisha mtu huyo akarudi njia ile ile bila mtoto.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeusema msemo huo maisha yangu yote, mlangoni, harusini, kwenye ugonjwa, na sasa siwezi kuusema bila kufikiria kijiji cha Patuxet.

Patuxet kilikuwa kijiji cha Wawampanoag, watu ambao jina lao huelezwa kuwa ni watu wa mapambazuko. Kilikuwa na mashamba yaliyofyekwa, mto wa maji baridi na bandari. Kati ya mwaka 1616 na 1619 ugonjwa ulioletwa na meli za Ulaya ulipita pwani ile, na katika baadhi ya vijiji uliua karibu kila mtu, hata walio hai wakakosa nguvu za kuzika. Wageni wa Mayflower walipofika Patuxet mwezi Desemba 1620, mashamba yalikuwa tayari na wenyewe hawapo. Hapo ndipo walipojenga Plymouth.

Mgeni alikuja. Mwenyeji hakupona.

Hati ya Mfalme James I wa Uingereza ya Novemba 1620, iliyotoa ardhi ya New England kwa watu wake, inaitaja tauni hiyo kama tendo la Mungu lililoacha nchi bila wenyewe. Sijui kama nimewahi kusoma waraka wa serikali ulionihuzunisha kuliko huo.

## Jembe

Mtu mmoja wa Patuxet alikuwa hai. Tisquantum, ambaye Waingereza walimfupishia jina wakamwita Squanto, alitekwa mwaka 1614 pamoja na wenzake wapatao 20, na nahodha Mwingereza Thomas Hunt aliyewavuta melini kwa kisingizio cha biashara na kuwapeleka Málaga, Hispania, kuwauza. Watawa wa Kikatoliki waliwachukua baadhi yao. Kwa njia ambazo hakuna aliyeziandika kikamilifu, Tisquantum alifika London, akaishi kwa mfanyabiashara aitwaye John Slany, akajifunza Kiingereza, na mwaka 1619 akarudi nyumbani kwa meli.

Nyumbani hapakuwa na mtu.

Machi 1621, nusu ya watu wa Mayflower wakiwa wamekwisha kufa, alikuja pamoja na mkuu wa Wawampanoag, Ousamequin, ambaye vitabu vingi humwita Massasoit, kufanya mkataba. Baada ya mkataba Tisquantum alibaki Plymouth, na kwa maelezo ya Bradford aliwaonyesha namna ya kupanda: subiri samaki wapande mtoni, weka samaki kwenye tuta, fukia, panda.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lilitolewa kweli, na lililotolewa nalo lilikuwa shamba la marehemu mama zake na shangazi zake. Nimejaribu kumwelewa nikashindwa. Kwanza nilimwona msaliti. Kisha nilimwona mtakatifu, kama anavyochorwa katika hadithi za Wamarekani. Hakuwa hata mmoja kati ya hao: aliitumia lugha yake kujitafutia mamlaka, akawatisha wenzake kwamba Waingereza wanaweza kuwaletea tauni wakitaka, hata Ousamequin akadai auawe. Alikufa kwa homa Novemba 1622, akiwa safarini na Waingereza kutafuta mahindi. Nadhani alikuwa mtu aliyebaki na ardhi ya kwao na lugha mbili, akajenga alichoweza kujenga.

## Debe laki tatu

Mkataba ule ulidumu miaka zaidi ya 50, lakini wageni waliongezeka, ng'ombe na nguruwe wao wakaingia mashambani, na ardhi ikaenda kipande kwa kipande. Mwaka 1675 Metacom, mtoto wa Ousamequin, aliingia vitani. Mwaka uliofuata aliuawa, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti Plymouth kwa zaidi ya miaka 20. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa hivi, aliuzwa utumwani. Babu yake mtoto huyo ndiye aliyewapokea.

Karne moja baadaye mahindi yenyewe ndiyo yaliyopigwa vita. Mwaka 1779, katika vita vya Wamarekani dhidi ya Uingereza, George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan kwenye nchi ya Wahaudenosaunee, watu wa nyumba ndefu, ambao mataifa yao mengi yalikuwa upande wa Waingereza. Sullivan aliripoti kwamba aliteketeza miji 40 na busheli 160,000 za mahindi. Busheli moja hukaribia debe mbili, kwa hiyo ni kama debe laki tatu. Majira ya baridi yaliyofuata watu wale walikusanyika karibu na ngome ya Niagara wakifa kwa njaa na baridi.

Mwaka 1790 mkuu mmoja wa Waseneca, taifa mojawapo la Wahaudenosaunee, alikwenda Philadelphia kumkabili Washington. Kwa Kiingereza alijulikana kama Cornplanter, yaani Mpanda Mahindi. Alimwambia kwamba kwao anaitwa Mharibu Miji, na kwamba mpaka siku ile jina hilo likitajwa wanawake hugeuka kutazama nyuma wakipauka nyuso, na watoto huwakumbatia mama zao shingoni.

## Kilichobaki ghalani

Kuna kitu Wazungu walikiacha walipochukua mahindi. Wenyeji wa sehemu nyingi za bara lile huyachemsha kwa maji ya majivu au chokaa mpaka ganda la punje litoke. Kwa macho ya mgeni ilikuwa ni njia ya kukoboa tu, kama sisi tunavyokoboa kwa kinu, lakini majivu yale hufungua vitamini ambayo vinginevyo mwili hauipati. Maskini wa Hispania na Italia waliogeuza mahindi kuwa chakula chao cha kila siku bila majivu waliugua pelagra, ngozi zikababuka na akili zikavurugika, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulikuwa ukiua maelfu kusini mwa Marekani. Walichukua punje, hawakumuuliza mwanamke aliyeipika.

Na kuna kitu kilichofukiwa kikapatikana tena. Mwaka 1663 mhubiri John Eliot alichapisha Biblia nzima kwa lugha ya wenyeji wa Massachusetts, ya kwanza kuchapishwa katika bara lote la Amerika, akisaidiwa na wenyeji waliotafsiri na kupanga herufi. Baadaye lugha hiyo, Wôpanâak, ilikaa zaidi ya karne moja bila mtu anayeizungumza. Mwaka 1993 mwanamke wa Kiwampanoag, Jessie Little Doe Baird, alianza kuirudisha. Alisomea isimu, akaitumia Biblia ile pamoja na barua na hati za ardhi ambazo mababu zake waliziandika kwa lugha yao, akaunganisha neno kwa neno, na binti yake akawa mtoto wa kwanza baada ya vizazi vingi kukua akiisema tangu utotoni.

Jumamosi iliyopita nilimwita mpwa wangu tena barazani. Nikamwambia kwamba siku ile nilikosea, yeye alipatia, na nikamsimulia yote, kikapu, Patuxet, dungu. Alinisikiliza kimya. Nilipofika kwenye kunguru aliyebeba punje ya hindi katika sikio moja na ya haragwe katika sikio la pili, akanikatiza.

"Mjomba, kunguru ana masikio?"

"Anayo," nikamwambia. "Yamefichwa chini ya manyoya."

Akageuka kutazama paa la jirani, ambako kunguru wawili walikuwa wakitazama mkeka wetu, akawatazama kwa muda mrefu.